Mstari wa Mwisho wa Mama Rula

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa dada yake mkubwa tu. Watu wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkuu wa maktaba, walimwita Mama Rula, na sababu ilikuwa palepale mezani pake: rula ya mbao ya sentimita thelathini, iliyolika pembe moja, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Miaka sita iliyopita mchapaji mwenzake aliichukua kufungulia kopo la rangi. Kesi hiyo ilikuwa bado haijafungwa.

Mama Rula alikuwa mchapaji katika maktaba ya wasioona. Chumba chao kilikuwa cha nyuma, kina madirisha mawili, meza tatu, na feni moja iliyofanya kazi siku inayojisikia. Vitabu vya kawaida vililetwa hapo, vikachapwa upya kwenye kompyuta neno kwa neno, kisha mafaili yakapelekwa chumba cha pili kwenye mashine ya breli, ile inayoinua nukta kwenye karatasi ngumu ili mtu asome kwa vidole. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na mmoja. Vitabu mia moja na kumi na viwili vilikuwa vimepita juu ya rula yake, na ukimtajia kimoja angekwambia rangi ya jalada lake, ukurasa uliochanika, na maneno ya mstari wake wa mwisho.

Wenzake wawili, mabinti waliojifunzia kazi moja kwa moja kwenye kompyuta, walinyakua aya nzima kwa macho, wakaimwaga kwenye skrini, halafu wakarudi kuokota walivyodondosha. Mama Rula hakuwa na papara hiyo. Aliweka rula chini ya mstari, akausoma wote midomo ikicheza bila sauti, akauchapa, akabonyeza enta, akashusha rula. Mstari wa kitabu ukawa mstari wa skrini, sawasawa, na penye nafasi tupu kati ya aya na aya naye aliacha nafasi tupu. Mabinti walimtania kwamba anaweza kulala mstari wa kumi na kuamkia wa kumi na moja. Lakini mwisho wa mwezi, wasahihishaji waliporudisha karatasi za makosa, yake ilikuwa nyeupe, na mabinti wakawa wamepata shughuli za ghafla za kutazama dirishani. "Haba na haba," alisema Mama Rula bila kugeuka. Kibaba aliwaachia wakijaze wenyewe.

Adabu ya mikono alifundishwa zamani, katika darasa lenye mashine za taipu ishirini zilizolia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni na jicho lililoona mpaka nyuma ya safu ya mwisho. Mengi aliyoyasema yaliingia sikio hili yakatokea lile, isipokuwa moja. Mstari ukiisha na mwingine unafuata, sukuma wenzo, mashine irudi mwanzo wa mstari mpya. Mstari wa mwisho ukiisha, inua mikono, basi. "Ukisukuma baada ya neno la mwisho," alisema mwalimu, "umeiahidi karatasi mstari mwingine, na ahadi ni deni. Usiahidi usichokuwa nacho." Aliyesukuma alirudia ukurasa mzima. Mama Rula aliurudia mara moja tu, akiwa na miaka kumi na tisa, na mkono wake haukusahau tena. Mashine za taipu zikaondoka, zikaja kompyuta, wenzo ukawa kitufe cha enta, na yeye bado alimaliza kila kitabu vilevile: nukta, kisha mikono juu. Alikipenda kile kimya kinachofuata, akakaa ndani yake kidogo kabla ya kukifunga kitabu. Ndiyo maana mistari ya mwisho haikumtoka kichwani.

Mwaka uliopita maktaba ilipata Kasuku. Hilo ndilo jina wasikilizaji walilokipa kile kisanduku kidogo, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia, kinachosoma faili kwa sauti. Mtu asiyeona anakiazima, anakwenda nacho nyumbani, anabonyeza, anasomewa huku akimenya viazi. Programu ya kukifanya kisome iliandikwa na mkaza mwana wa Mama Rula, mke wa mwanawe wa pekee, fundi friji. Wote watatu waliishi nyumba moja, na mkwe huyo aliandika programu zake kwenye meza ya sebuleni, miguu juu ya kigoda. Maktaba ilipouliza nani anaiweza kazi ile, Mama Rula alisema, "Yupo kwangu," kwa sauti ya mtu anayejidai na hataki ijulikane.

Wawili hawa walipendana sana, ila kwa ile adabu ya wakwe, ya kupishana mlangoni, "tangulia mama," "hapana mwanangu, tangulia wewe," mpaka chai inapoa.

Jumatatu moja mkuu wa maktaba alimwita Mama Rula ofisini. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, mtu wa kusema "kwa ufupi" kabla hajaanza.

"Kaa, mama. Kwa ufupi, kuna malalamiko. Vitabu vyako kwenye Kasuku havina mwisho."

"Havina mwisho vipi?"

"Vinakatika. Kasuku anasoma vizuri, akifika ukingoni kabisa anasema 'mwisho wa kitabu' na jambo lenyewe halijaisha. Wasikilizaji wanne wameandika. Mmoja ameandika mara tatu."

"Na vya wenzangu?"

"Vya wenzako vinasomeka mpaka nukta. Ni vyako tu."

Mama Rula alitazama mikono yake mapajani. Mkuu akaendelea, kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko angekemewa. Kuna watu, alisema, wana mashine ya kupiga picha kurasa na kuzigeuza kuwa maandishi. Ijumaa atavifuta vitabu vyote mia na kumi na viwili kwenye Kasuku, vianze upya kwao. "Na wewe, mama, umetumika miaka mingi. Labda umefika wakati wa kupumzika."

"Umefungua faili hata moja ukaangalia?"

"Mama, vitabu mia na kumi na viwili?"

"Nimesema hata moja."

Hakuwa amefungua. Mama Rula alirudi mezani pake, akafungua kitabu cha mia na kumi na mbili, akashuka mpaka chini kabisa. Mstari wa mwisho ulikuwapo, umekaa, na nukta yake. Akafungua cha kwanza, alichokichapa wakati mwanawe bado anang'oka meno ya utoto. Upo. Alifungua vingine kumi, mistari yote ipo. Hapo moyo ulipaswa kutulia, lakini ndipo ulipozidi kupiga, maana kama mistari ipo kwenye faili na Kasuku haisomi, mwenye kosa ni Kasuku, na Kasuku ana mwenyewe, na mwenyewe yuko nyumbani anamchemshia mama mkwe maji ya kuoga.

Basi akaamua kwamba kosa litakuwa lake. Ni uamuzi wa kijinga, lakini ndivyo alivyokuwa, na waliomjua walimpenda kwa hilo pia.

Jioni mezani hakukuwa na haja ya kuanza habari. Mkwe alikuwa ameshaletewa barua na mkuu.

"Mama, kosa ni la programu yangu," alisema.

"Hata kidogo, mwanangu. Mimi nimezeeka, vidole vinaruka."

"Vidole vyako havijaruka hata siku moja."

"Vinaruka. Asubuhi niliweka chumvi kwenye chai."

"Ile chumvi niliiweka mimi, mama."

"Usinisitiri. Ni mimi."

Walilivuta lile kosa huku na huku, kila mmoja akitaka likae upande wake. Fundi friji, ambaye ndiye aliyeinywa ile chai ya chumvi na hakuna aliyemkumbuka, alikula kimya mpaka sahani ikaisha, kisha akasema, "Jamani, kwani hiyo mistari ipo au haipo?"

Mama Rula akasukuma sahani kando. Uongo ulikuwa haumkai mdomoni, tangu zamani. "Nimeangalia," akasema kwa sauti ndogo. "Ipo yote."

"Basi ni mimi," alisema mkwe, na uso wake ukapata nuru ya ajabu, nuru ya mtu aliyepewa kazi. "Kinachonishangaza ni kwa nini vya wenzako vinasomeka."

Jumanne mchana, Mama Rula aliporudi nyumbani kutoka kazini, mkwe alikuwa ameondoa kila kitu kwenye meza ya sebuleni isipokuwa kompyuta, Kasuku na kitabu kimoja.

"Kaa hapa, mama. Kuna njia nyingi za kusoma faili mstari kwa mstari, nataka tuzipime moja moja, usikie kwa masikio yako. Niazime rula nikuonyeshe."

Fundi friji, aliyekuwa akinawa mikono kwenye karai, alisimama mikono ikidondosha maji. Mama Rula alifungua mkoba, akatazama rula, akamtazama mkwe. Akampa. Haikutokea hotuba yoyote, lakini mkwe aliipokea kwa mikono miwili.

"Njia ya kwanza," alisema, akiiweka rula kando ya kitabu kilichokuwa pale, "programu inameza kitabu kizima kwa mpigo, halafu inakikata mistari ikiwa kimeshaingia tumboni."

"Kama wale mabinti."

"Kama wao kabisa." Aliandika kidogo, akampa Kasuku faili la kitabu chembamba cha mashairi. Kasuku alisoma mpaka mwisho, na mstari wa mwisho ukasikika, kila neno. Mama Rula alishika kifua.

"Si umeona? Imekwisha habari. Tumia hiyo."

"Ngoja, mama. Mpe kile kinene." Kile kinene kilikuwa riwaya ya kurasa mia sita na arobaini. Kasuku alikitafakari. Akapata joto. Taa yake ndogo ya kijani ikapepesa mara mbili, ikazima.

"Ameshiba?"

"Amevimbiwa. Kumbukumbu yake ni ndogo, hawezi kubeba kitabu chote mara moja. Kompyuta ya kazini kwenu inaweza, ndiyo maana ukifungua unaona mistari yote. Ila nusu ya vitabu vyako ni vinene, na watu wana Kasuku, hawana kompyuta."

Njia ya pili ilikuwa ya kusoma mstari baada ya mstari mpaka kukutana na mstari mtupu, hapo programu ijue kitabu kimeisha. Kasuku aliwashwa tena. Akasoma aya ya kwanza ya ile riwaya, mistari sita, kwa sauti nzuri kabisa, akafika kwenye nafasi tupu aliyoiacha Mama Rula kabla ya aya ya pili, na kwa uhakika usio na aibu akatangaza, "Mwisho wa kitabu." Walitazamana. Walicheka mpaka Mama Rula akavua miwani.

"Huyo anasoma kama mimi shuleni," alisema fundi friji akipita na sanduku lake la vifaa.

"Na ya tatu?" aliuliza Mama Rula alipopata pumzi.

"Ya tatu ndiyo iliyomo siku zote." Mkwe aliweka rula chini ya mstari wa kwanza. "Inachota herufi moja moja mpaka ikute alama ya mwisho wa mstari. Ikiikuta, inausoma mstari huo kwa sauti, inausahau, inachota mwingine." Akashusha rula. "Haijali kitabu ni kinene kiasi gani, maana wakati wowote mkononi ina mstari mmoja tu."

Mama Rula aliitazama ile rula ikishuka, mkono si wake, mwendo ni wake. "Lakini hivyo ndivyo ninavyosoma mimi."

"Ndiyo, mama. Mwaka jana nilipokuletea miwani kazini, nilisimama mlangoni nikakutazama ukichapa. Hukuniona. Nikarudi nyumbani nikaandika hivyo."

Hakuwa amewahi kumwambia. Mama Rula akasimama akaenda jikoni kuosha vikombe viwili vilivyokuwa visafi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kidogo, na utani umemrudia. "Basi mwanafunzi wangu ananiangusha mstari wa mwisho," alisema. "Lazima nilimfundisha vibaya."

Lakini kwa nini aliangusha, hawakujua. Mkwe alikuwa amemtazama katikati ya kitabu. Hakuwahi kumtazama akimaliza.

Jumatano ikapita bure. Alhamisi mkwe alikwenda maktaba mwenyewe kuchungulia mafaili ya mabinti, akakaa kwenye kona ya chumba cha wachapaji na kompyuta mapajani. Mama Rula alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mia na kumi na tatu. Aliuchapa kama kawaida, ingawa aliamini hakuna atakayekisikiliza.

Saa nne hivi fimbo iligonga kizingiti, na mzee mrefu aliyevaa koti akaingia. Alikuwa mwalimu mstaafu ambaye macho yalimwacha akiwa na miaka hamsini, na watu walimwita Mzee Kamusi kwa kuwa alisahihisha hata salamu. Mkuu alikuwa na mgeni, kwa hiyo mzee akaambiwa asubiri hapa. Alipewa kiti karibu na Mama Rula.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mama Rula.

"Marahaba. Nimekuja kulalamika. Nimeandika mara tatu, naona karatasi hazina sauti."

Mama Rula akamgeukia. Huyu ndiye yule mmoja. "Kitabu gani, mwalimu?"

Mzee Kamusi alikunja mikono juu ya fimbo. Alieleza polepole, kama anayeagiza imla. Mke wake alikuwa akimsomea, kila alasiri sura moja. Kitabu hiki walifika sura ya tisa, akaugua, na sura ya kumi haikusomwa. Baada ya mazishi alisubiri miaka mitatu mpaka maktaba ikichape na Kasuku aje. "Nikasomewa mpaka ukingoni. Baba amekuwa mbali na nyumbani miaka kumi na saba. Anarudi. Anapanda ngazi, anabisha mlango, 'mwisho wa kitabu.' Nimesikiliza mara tatu, nikidhani nimesinzia. Sikusinzia. Sasa mwandishi gani huyo, mtu mzima na akili zake, amwache mtu mlangoni?"

Jalada la kijani. Ukurasa wa themanini na nane umechanika. Kitabu cha tisini na nne. "Hakumwacha, mwalimu," alisema Mama Rula. "Kitabu hicho nilikichapa mimi. Baada ya hapo kuna mstari mmoja. Ninaujua kwa moyo. Nikuambie?"

Mzee aliinua kiganja. "Usiniambie. Mke wangu hakuwa akinisimulia, alikuwa akinisomea. Nataka nisomewe."

Hapo Mama Rula hakuwa na kingine cha kumpa. Akageukia ukurasa wake, akaweka rula, akachapa. Mstari, enta, rula chini. Mstari, enta, rula chini. Binti wa meza ya pili naye alikuwa akimalizia kitabu chake, akapiga nukta na enta ya nguvu, akajinyoosha. Mama Rula akafika mstari wa mwisho, akaweka nukta, akainua mikono.

Mzee Kamusi aliinamisha kichwa. "Umemaliza kitabu?"

"Nimemaliza."

"Mbona hujafunga?"

"Nimefunga, mwalimu."

"Mama, mimi naona kwa masikio. Toka nimekaa hapa umechapa mistari ishirini na tisa, na kila mmoja umeumaliza kwa kile kitufe kinacholia kizito. Binti yule, kwenye mstari wake wa mwisho, amekigonga. Wewe, kwenye wa thelathini, hukukigonga."

Kwenye kona, kompyuta ilikaribia kuanguka kutoka mapajani mwa mkwe. "Mama," alisema, amesimama. "Mwisho wa kitabu hubonyezi enta?"

"Nibonyeze kwa nini, mwanangu? Hakuna mstari mwingine unaokuja. Ukibonyeza umeahidi." Akamweleza habari ya yule mwalimu mfupi, na wenzo, na ukurasa aliorudia akiwa na miaka kumi na tisa. Mabinti waliacha kuchapa. Mzee Kamusi alitikisa kichwa kwa heshima, kama aliyekutana na mwalimu mwenzake.

Mkwe alikuwa akicheka huku anajifuta macho kwa kiganja. "Programu yangu inachota mpaka ione alama ya mwisho wa mstari. Alama hiyo ndiyo enta yako, kwenye skrini haionekani. Mstari wako wa mwisho hauna. Inafika mwisho wa faili, mstari wote umo mkononi, inangoja alama, haiji, basi inautupa na kusema mwisho wa kitabu. Mashine ya breli haikujali, ndiyo maana miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika."

Mkuu alikuwa amefika mlangoni kwa kelele zile, akasikia nusu, na nusu ilimtosha. "Vizuri. Kwa ufupi, mama abonyeze enta kwenye vitabu vyote mia na kumi na viwili, na kuanzia leo asirudie."

Mama Rula alikuwa tayari kukubali. Alikuwa ameshafungua mdomo. Angevifungua vyote, angesukuma wenzo mara mia na kumi na mbili, na yule mwalimu huko aliko amsamehe, ilimradi vitabu vibaki.

"Hapana," alisema mkwe.

Hakuwa mtu wa kusema hapana mbele ya wakubwa, tena mbele ya mama mkwe. Lakini akaendelea. "Yeye ameandika mpaka nukta. Aliyeinuka kabla mwenzake hajamaliza ni msomaji. Sitamfundisha mama kuandika kwa ajili ya kisanduku. Nitamwongezea Kasuku swali moja: ukifika mwisho wa faili, tazama mkononi, na kama kuna kitu, kisome kwanza. Ni mistari miwili ya programu. Itatosha kwa vitabu vyake vyote bila kuvigusa, na kwa mwingine yeyote mwenye mkono kama wake." Kisha akamgeukia. "Kosa ni langu, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu waishi nyumba moja, Mama Rula hakumnyang'anya kosa. Aliitikia kwa kichwa tu, midomo imebanwa, maana ingefunguliwa angelia mbele ya mabinti.

Ijumaa, siku ya kufuta, walikutana ofisini kwa mkuu. Orodha ya vitabu mia na kumi na viwili ilikuwa mezani, imepigwa muhuri, na kalamu juu yake. Mkuu alisema atasikia kitabu kimoja kwanza. Mzee Kamusi alikuwa amefika tangu saa mbili, koti limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa. Mkwe aliweka Kasuku katikati ya meza, akakichagua kitabu cha tisini na nne, akamwambia aanzie ukurasa wa mwisho.

Mama Rula alikaa mkabala na mzee. Alijua kila mstari unaokuja, na bado aliinama mbele kusikia. Kasuku alisoma bila haraka. Baba alishuka kwenye barabara ya changarawe. Alitazama dirisha, pazia ni lingine. Alipanda ngazi tatu, alizozijenga mwenyewe. Akabisha.

Hapa ndipo palipokuwa pakikatika. Mkono wa Mzee Kamusi ulikaza fimbo. Kulikuwa na pumzi moja tupu, na katika pumzi hiyo Mama Rula aliona mwaka mzima wa mtu aliyekaa peke yake akisikiliza mlango.

"Mlango ulifunguka kabla hajashusha mkono," alisoma Kasuku. "Mwisho wa kitabu."

Mkuu alichukua ile orodha, akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo, na hakusema kwa ufupi wala kwa urefu.

"Rudisha mstari mmoja," alisema Mzee Kamusi.

Mkwe alirudisha. Kasuku akausoma tena, kwa sauti ileile. Mzee aliinua uso, kuelekea upande ambao hakuna mtu aliyekuwa amekaa.

"Umesikia, mama watoto," alisema. "Alifunguliwa."

Mama Rula aliinua mikono yake kutoka mezani. Kikaja kile kimya anachokijua, kinachofuata nukta. Miaka ishirini na mmoja alikuwa amekikalia peke yake. Leo walikuwa wanne, na mkono wa mkwe ulikuwa umeshika wake.